Kutoka Chiromo Hadi Upper Kabete: Taasisi ya Wangari Maathai na Njia Iliyoizaa

Mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Nairobi na shirika la Green Belt Movement vilianzisha kwa pamoja Taasisi ya Wangari Maathai ya Masomo ya Amani na Mazingira. Makao yake yaliwekwa Upper Kabete, magharibi ya jiji, kwenye bewa la kilimo na mifugo ambako chuo kina mashamba, mazizi na maabara zake. Mwenye jina alikuwa bado hai, naye akashiriki kuiasisi. Miaka 28 kabla ya hapo, chuo hichohicho kilikuwa kimemkatalia kurudi kazini na kumtaka ahame nyumba ya wafanyakazi.

Historia ya taasisi kwa kawaida huanzia kwenye kikao cha seneti na jiwe la msingi. Ya taasisi hii inaanzia mbali zaidi: katika idara ya anatomia ya mifugo, kwenye masikio ya ng'ombe waliojaa kupe, na katika ugomvi wa wahadhiri wanawake na mwajiri wao. Anayetaka kujua kwa nini chuo cha Kenya kimeunganisha amani na mazingira katika jina moja, na kwa nini mwanafunzi wa huko hutarajiwa kushika jembe pamoja na kalamu, hana budi kuifuata njia hiyo yote.

Idara mpya, chuo kichanga

Chuo chenyewe kilikuwa kichanga. Kilifungua milango mwaka 1956 kikiitwa Royal Technical College, na mwaka 1961 kikawa Royal College. Baada ya uhuru kikawa Chuo Kishiriki cha Nairobi, sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Kilijitegemea mwaka 1970. Mafunzo ya udaktari wa mifugo yalikuwa yamehamishiwa Kabete kutoka Makerere mwaka 1962, na katika miaka iliyofuata kitivo hicho kilikuwa bado kinatafuta walimu, vifaa na vyumba.

Wangari alirudi nyumbani mwanzoni mwa 1966. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akasafiri mwaka 1960 na vijana wa Kenya waliopata nafasi za masomo Marekani. Alisomea biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica huko Kansas, kisha akapata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mkononi alikuwa na barua ya ajira kutoka idara ya zoolojia ya chuo cha Nairobi. Alipofika aliambiwa nafasi imekwisha kupewa mtu mwingine. Katika kumbukumbu zake alieleza bila kuficha kwamba aliona sababu mbili: jinsia yake na kabila lake.

Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo na kuhitaji msaidizi anayejua kuandaa vipande vyembamba vya tishu na kuvisoma kwa hadubini. Ujuzi huo Wangari alikuwa nao. Akaingia bewa la Chiromo, kando ya Mto Nairobi, akafundisha wanafunzi ambao wengi wao walikuwa wanaume na walimtazama kwa shaka mpaka walipogundua kwamba alama zao zinatoka kwake. Alikwenda Giessen na Munich kuendeleza utafiti, akarudi, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamivu kwa tasnifu kuhusu ukuaji wa viungo vya uzazi vya ng'ombe. Ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufikia shahada hiyo. Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara na mwaka 1977 profesa mshiriki, na katika nyadhifa zote mbili hapakuwa na mwanamke aliyemtangulia katika eneo hili.

Hapo hapajapandwa hata mche mmoja. Lakini mtu wa hadubini hufunzwa kitu kimoja mapema: kuangalia kwa subira, na kutoamini jibu ambalo halijaonekana kwa macho. Tabia hiyo ndiyo aliyotoka nayo maabara.

Kupe waliomwonyesha udongo

Katika miaka ya 1970 alikuwa akichunguza ndigana kali, ugonjwa unaoua hasa ng'ombe wa kigeni na chotara, unaoenezwa na kupe wa sikio la kahawia. Ilimbidi atoke jijini aende mashambani kukusanya kupe. Huko aliona zaidi ya alichofuata. Mvua iliponyesha, mito ilishuka na maji mekundu. Udongo wa milimani ulikuwa ukisafiri kwenda baharini. Ng'ombe walikuwa wamekonda kwa kukosa nyasi. Watu nao walikuwa na dalili za kutokula vizuri, katika nchi aliyoikumbuka kuwa ya shibe.

Alipokwenda kwao Nyeri aliona chanzo chake. Misitu ya asili ilikuwa imepisha mashamba ya misonobari na miti mingine ya biashara. Wakulima walikuwa wamefyeka miti na vichaka ili kupata nafasi ya chai na kahawa. Vijito vilivyokuwa vikitiririka mwaka mzima vilikuwa vimepungua au kukauka. Mwanabiolojia aliyetoka kumtafuta kupe alikuwa anatazama ugonjwa mkubwa kuliko ndigana.

Mambo mawili yalimpa mahali pa kuipeleka fikra hiyo. Baada ya mkutano wa Stockholm wa mwaka 1972, Umoja wa Mataifa uliweka makao ya shirika lake la mazingira, UNEP, jijini Nairobi, na Wangari akaingia katika bodi ya kituo kilichounganisha mashirika ya kiraia na shirika hilo. Pili, alikuwa katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Kwenye vikao vya baraza, wanawake wa vijijini walieleza shida zao: kuni zimekuwa mbali, maji yamekuwa machafu, chakula cha watoto hakitoshi. Kuni zikikosekana, mama huacha maharage na githeri vinavyochukua muda mrefu jikoni, akapika kinachoiva upesi. Hivyo afya ya mtoto ilikuwa imefungwa kwenye mti uliokatwa.

Jibu lake lilikuwa rahisi kiasi cha kuwachekesha wataalamu. Wapande miti.

Ugomvi wa stahiki

Kabla ya kufika kwenye miti, kuna sura ambayo chuo kikijisimulia hakipaswi kuiruka. Mhadhiri mwanamke aliyeolewa hakupewa stahiki sawa na za mwenzake mwanamume. Ilichukuliwa kwamba nyumba, matibabu ya familia na mafao mengine atayapata kwa mumewe. Wangari na mwenzake wa idara ya biokemia, Vertistine Mbaya, walikataa. Walidai kwamba mshahara na stahiki hufuata kazi, na kwamba kazi yao ilikuwa ileile. Walijaribu pia kuufanya umoja wa wahadhiri uwe chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, wasifanikiwe. Chansela wa chuo alikuwa Rais wa nchi, na kudai kwa mwajiri wa namna hiyo kulionekana karibu sawa na kudai kwa serikali.

Mwishowe wawili hao walipewa walichokidai, huku wanawake wengine wakiachwa kwenye masharti ya zamani. Ushindi ulikuwa nusu. Lakini ndani ya kuta za chuo Wangari alikuwa ameshajifunza somo litakalomfaa msituni: anayegawa mali ya wote hupenda kugawa bila kuulizwa, na anayeuliza huitwa mkorofi.

Safu ya miche elfu moja

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, maandamano yalitoka katikati ya jiji hadi bustani ya Kamukunji. Pale ikapandwa miti saba, kila mmoja kwa heshima ya mtu wa historia ya Kenya, na watu hao walitoka katika jamii mbalimbali za nchi. Huo ndio mwanzo wa kazi iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Jina linaeleza utaratibu wenyewe: vikundi vilihimizwa kupanda miche kwa safu, isiyopungua elfu moja, ili safu hizo ziwe ukanda wa kijani unaoshika udongo, unaotoa kivuli na unaokinga upepo.

Mwanzoni miche iliombwa serikalini. Mkuu wa idara ya misitu alicheka alipotajiwa idadi iliyotakiwa, akaahidi kuitoa yote bure, akiamini akina mama hawataimaliza. Haukupita muda mrefu akalazimika kurudi nyuma, kwa sababu walikuwa wakiichukua mingi kuliko alivyoweza kuitoa. Ndipo vikundi vikaanza vitalu vyao. Maofisa wa misitu waliokuja kufundisha walizungumza habari za mwelekeo wa mwinuko, mchanganyiko wa udongo na vifaa ambavyo hakuna mwanakijiji aliyekuwa navyo. Wangari aliwaambia akina mama watumie akili waliyotumia siku zote kwenye mahindi na maharage. Wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakazioteshea katika vyungu vilivyovunjika na makopo, wakaviweka juu kuku wasifike. Yeye mwenyewe aliwaita maofisa misitu wasio na diploma, na alilitamka jina hilo kwa fahari.

Malipo yalikuwa madogo, senti nne hivi za dola kwa kila mche, na yalikuwa na sharti. Aliyeotesha hakulipwa kwa kuotesha wala kwa kupanda. Alilipwa baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba mche umeshika na unaishi. Katika mambo yote ambayo Green Belt ilibuni, sharti hili ndilo la kisomi kuliko yote, maana ndilo linalotofautisha upandaji miti na sherehe ya kupanda miti.

Chuo hakikuhusika rasmi na kazi hii. Kilikuwa na profesa mshiriki wa anatomia anayefundisha asubuhi na kuzunguka vijijini muda uliobaki, na hakuna idara iliyoona kwamba hilo ni jambo lake. Kilimo kilikuwa na majengo yake, mifugo majengo yake, sheria yake. Shida ya mama wa Nyeri ilipita katikati yao bila kugusa ukuta wowote.

Mwaka 1982

Mwaka huo Wangari aliamua kugombea ubunge kwao Nyeri katika uchaguzi mdogo. Sheria ilimtaka mtumishi wa chuo cha umma ajiuzulu kwanza, naye akajiuzulu. Kisha akaambiwa hastahili kugombea kwa sababu ya dosari katika usajili wake kama mpigakura. Kesi haikumsaidia. Alirudi chuoni bila kuchelewa kuomba nafasi yake, akakuta imejazwa. Baada ya miaka 16 ya kazi hakuwa na mshahara, na nyumba ya chuo ilitakiwa.

Ilikuwa hasara ya chuo kuliko yake. Katika kipindi hichohicho Chama cha Misitu cha Norway kilikuja kutafuta mshirika, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umetoa fedha za mwanzo kupitia mfuko wake wa wanawake. Mtu aliyekuwa akiipa Green Belt saa za ziada sasa alikuwa na siku nzima. Vitalu vikaenea wilaya kwa wilaya, na kufikia mwaka 2004 Kamati ya Nobel ilitaja miti milioni 30 iliyopandwa.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alitunzwa kwanza ugenini. Mwaka 1984 alipata tuzo ya Right Livelihood huko Sweden, mwaka 1991 tuzo ya mazingira ya Goldman huko Marekani, na vyuo vya ng'ambo vilimvika majoho ya heshima. Kwao, katika miaka hiyohiyo, alikuwa akitukanwa bungeni.

Bustani ya Uhuru na msitu wa Karura

Matusi hayo yalikuja mwaka 1989, alipopinga mpango wa kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, jirani na bewa kuu la chuo. Aliandika barua kwa serikali na kwa wafadhili akiuliza kwa nini nchi yenye madeni ikope ili ipoteze bustani pekee ambayo mtu wa kipato kidogo anaweza kulala chali Jumapili akatazama mawingu. Green Belt ilifukuzwa kwenye ofisi za serikali ikahamia nyumbani kwake South C. Lakini wafadhili walijiondoa, na mnara haukujengwa. Mwaka 1992 alikaa na akina mama wa wafungwa wa kisiasa kwenye kona ya bustani hiyo wakidai watoto wao. Askari wakawapiga, na mahali hapo pakabaki na jina la Freedom Corner.

Karura ndiko chuo kilipoingia kwenye historia hii tena, safari hii kupitia wanafunzi wake. Vipande vya msitu huo wa kaskazini ya jiji vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kwa ajili ya majengo. Wangari na wenzake walikwenda kupanda miti humo mara kwa mara tangu 1998. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na kundi la watu waliokodiwa, akapasuliwa kichwa, akaandika taarifa polisi na kuitia sahihi kwa damu yake. Wiki chache baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliingia mitaani kuutetea msitu. Pakawa na mapambano makali na askari, na masomo yakasimama. Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Ni sehemu ya historia ambayo haiwezi kuwekwa kwenye kipeperushi cha kuvutia wafadhili, lakini ni ya chuo. Wanafunzi wengi wa mwaka 1999 walikuwa watoto wadogo alipoondoka Chiromo. Hakuwahi kuwafundisha darasani. Walimjua kwa matendo. Wao ndio waliokuwa wa kwanza, kabla ya seneti, kumrudisha chuoni.

Heshima inarudi nyumbani

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2002 mambo yaligeuka. Wangari alishinda ubunge wa Tetu kwa kura zipatazo asilimia 98, akateuliwa naibu waziri wa mazingira mwaka 2003. Tarehe 8 Oktoba 2004 ilitangazwa kwamba amepata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika. Simu ilimkuta njiani akienda jimboni. Akasimama Nyeri, akapanda mti.

Wapo waliouliza miti inahusiana nini na amani. Alijibu kwa kigoda cha Kiafrika chenye miguu mitatu: mguu mmoja ni utunzaji wa mali asili na mgawanyo wake wa haki, wa pili ni utawala unaosikiliza watu, wa tatu ni amani. Ukikata mguu mmoja, kigoda kinaanguka na aliyekikalia. Watu wanapogombania malisho, maji na ardhi, aliyeharibu chemchemi amewasha vita hata kama hakushika bunduki.

Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilimtunuku shahada ya heshima ya uzamivu katika sayansi. Mwaka huo viongozi wa nchi za Afrika ya Kati walimteua kuwa balozi wa hiari wa misitu ya Bonde la Kongo, na kazi hiyo ikampeleka kuitetea mbali na nyumbani. Aliporudi Nairobi alikuwa na wazo moja la mwisho. Alitaka elimu ya vyuo vikuu na ujuzi wa vikundi vya Green Belt vikae mahali pamoja, ili msomi asimalize shahada ya mazingira bila kuchafua mikono, na ili mama wa kitalu apate sayansi inayomsaidia bila kudharauliwa.

Hiyo ndiyo taasisi ya mwaka 2010. Haikuwa sanamu. Ilipangwa kuwa mahali pa masomo ya juu na utafiti juu ya matumizi ya ardhi, misitu, kilimo na migogoro inayotokana na mali asili, na mwanafunzi kukaa na jamii kuwa sehemu ya masomo yenyewe. Fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika zilisaidia kujenga makao yake. Miongoni mwa wakurugenzi wake wa mwanzo alikuwa Profesa Stephen Kiama, naye mtaalamu wa anatomia ya mifugo, ambaye mwaka 2020 alishika usukani wa chuo chote kama naibu chansela. Somo lililomwajiri Wangari mwaka 1966 lilikuwa limemtolea taasisi yake kiongozi.

Mwenyewe hakukaa nayo muda mrefu. Alifariki dunia Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani. Alikuwa ameagiza kwamba mti usikatwe kwa ajili ya jeneza lake, hivyo likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugu maji, lile gugu linaloziba Ziwa Victoria na kuwakosesha wavuvi njia. Ibada ya kitaifa ilifanyika Freedom Corner, mahali alipopigwa. Mwili ulichomwa Kariokor, na majivu yake yakazikwa Upper Kabete, kwenye ardhi ya taasisi.

Tangu hapo heshima zimefuatana. Umoja wa Afrika uliamua kwamba tarehe 3 Machi, Siku ya Mazingira Afrika, iadhimishwe pia kama Siku ya Wangari Maathai. Pittsburgh kulipandwa miti na bustani kwa jina lake mwaka 2013, mbele ya jengo kuu la chuo alichosoma. Mwaka 2016 barabara ya Nairobi iliyokuwa ikiitwa Forest Road ilipewa jina lake. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki, aliyoipinga kwa miaka mingi akieleza kwamba hushika maji ya mvua na kuzalisha mbu, ilipigwa marufuku Kenya nzima.

Vipimo vya dunia na kipimo cha kitalu

Siku hizi chuo kinachotunza mazingira hupata cheo. Mwaka 2010, mwaka uleule wa taasisi, Chuo Kikuu cha Indonesia kilianzisha orodha ya GreenMetric. Vyuo 95 kutoka nchi 35 vilishiriki mara ya kwanza. Orodha hiyo huangalia eneo na majengo, nishati, taka, maji, usafiri na elimu. Mwaka 2019 jarida la Times Higher Education likaongeza orodha yake inayopima mchango wa vyuo katika malengo ya maendeleo endelevu. Vipimo hivi vina kazi. Vimewafanya wakuu wa vyuo waulize bili ya umeme na mahali taka zinakoishia. Nairobi kwenyewe, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka juu ya mapaa yake mtambo wa umeme wa jua wa kilowati 600 mwaka 2014, na hilo ni jambo la kuhesabika, tena la kuigwa.

Lakini orodha ya namna hiyo ingelimpa Wangari wa mwaka 1982 alama gani? Hakuwa na jengo, hakuwa na paneli. Kazi yake haikuwa ndani ya ua wa chuo, na chuo kingejaza fomu bila kumtaja. Kupimwa kwa kilicho ndani ya ua ni hatari kwa vyuo vyetu, kwa sababu bewa linaweza kuwa na nyasi za kukatwa kila wiki huku mto unaopita ukingoni ukinuka. Mto Nairobi unapita Chiromo. Kila kizazi cha wanabiolojia wa chuo kimeuona.

Hatari nyingine iko kwenye sherehe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe na kutunza miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Serikali imetangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitoa siku nzima ya mapumziko ili watu wapande. Hakuna ubaya katika hayo. Ila kamera huja siku ya kupanda na haziji siku ya kumwagilia. Mche unaopandwa na mgeni rasmi mwezi wa mvua huachwa kiangazi mikononi mwa mlinzi wa lango ambaye hakuambiwa kwamba sasa ni wake.

Kwa hiyo taasisi ya Upper Kabete ina kipimo chake tayari, na haihitaji kukiagiza kutoka nje. Ni kile cha akina mama wa vitalu: hakuna malipo mpaka mche uonekane hai. Kwa upande wa miti, maana yake ni kutangaza idadi iliyopona baada ya ukame, pamoja na aina zake na mahali ilipo, hata kama idadi hiyo ni ndogo. Kwa upande wa wasomi, ni kumfuata mhitimu miaka kadhaa baada ya mahafali na kuuliza chemchemi ipi imerudi, korongo lipi limezibwa, kijiji gani kimeacha kupigana na jirani yake juu ya malisho kwa sababu ya alichojifunza. Tasnifu iliyobaki rafuni haijashika mizizi.

Kipo pia kipimo cha tatu, kigumu kuliko hivyo viwili. Mwanzilishi wa taasisi hii hakupoteza kazi kwa kufundisha vibaya. Aliipoteza kwa sababu aliingia katika siasa ya nchi yake, na mlango ukafungwa na watu walioogopa kumfungulia. Leo jina lake liko kwenye lango, na kulitaja hakumgharimu mtu chochote. Siku itafika, kama haijafika, ambapo mhadhiri kijana wa Upper Kabete atasimama kupinga kiwanja kilichokatwa kwenye msitu au bomba la taka lililoelekezwa mtoni, na mwenye kiwanja au mwenye bomba atapiga simu kwa wakubwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kitakuwa kimemaliza deni lake kwa Wangari Maathai ikiwa Jumatatu itakayofuata mhadhiri huyo ataingia darasani kama kawaida, na jioni atarudi kwenye nyumba yake ya chuo.